MTOTO MWENYE MAULIZO AENDE WAPI MU VAKANSI?



Mwezi wa saba unakaribia. Mitihani itaisha, buletini zitatolewa, wazazi watafurahi ao watanyamaza, kisha milango ya masomo itafungwa mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa. Miezi miwili mizima! Sisi wa sekonderi tunajua namna tutaipitisha: wengine wataenda Likasi ao Lubumbashi kwa wajomba, wengine watasaidia mama ku soko, wengine watalala mpaka jua kali. Lakini leo tunataka kusema juu ya wadogo zetu wa primeri, wale wa miaka nane mpaka kumi na miwili. Na zaidi juu ya mtoto wa namna moja: yule anauliza asubuhi na mangaribi, mpaka mama yake anasema, "Nyamaza kidogo, utanipasua kichwa!" Huyu aende wapi mu vakansi?

Mutatujibu: "Kalasi za vakansi ziko." Ndiyo, ziko. Mu kila kartie ya Kolwezi utaona karatasi imebandikwa ku mti ao ku mlango wa nyumba, na bei yake imeandikwa chini. Hatuzikatae. Lakini tuziangalie vizuri. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ya wale walioanguka: wanarudilia kaye ya mwaka mzima kwa mwezi mmoja. Ya pili ni ya wale wa kalasi ya sita: wanakariri maulizo ya mtihani wa serikali ya miaka iliyopita, wapate kuyajua kwa moyo. Namna zote mbili zina faida yake. Lakini mu zote mbili maulizo yanatoka kwa mwalimu, na mtoto kazi yake ni kujibu. Mtoto mwenye ulizo lake mwenyewe hana kiti mule.

Hatulaumu walimu. Katiba ya inchi yetu ya mwaka wa 2006, mu kifungu cha 43, ilisema masomo ya primeri ya serikali ni ya lazima na ya bure. Ahadi ile ilianza kutimizwa kweli mu mwezi wa tisa wa 2019. Watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani juu ya kukosa makuta waliingia mu kalasi, na sisi tulifurahi, maana wengine walikuwa wadogo zetu wa damu moja. Lakini kalasi zikajaa. Benchi ya watoto watatu ikakaliwa na watano. Mwalimu mbele ya umati ule, atasikia ulizo la nani? Akisimama kujibu moja, ametupa somo la hesabu. Basi anasema, "Utaniuliza kesho," na kesho ile haifike. Ndiyo sababu tunasema: ulizo ambalo halipate nafasi mu mwaka wa masomo, lipewe nafasi mu vakansi. Hiyo ndiyo fikiri yetu, na hatukuitoa mu hewa. Tuliipima sisi wenyewe mwaka uliopita, na tukaanza vibaya.

KOSA LETU LA KWANZA

Tulikuwa wanafunzi saba wa kalasi ya tano na ya sita. Tuliomba sale ya parokia, tukapewa kwa asubuhi kumi, kuanza saa mbili mpaka saa ine. Tuliiita Kalasi ya Maulizo. Tulijiona watu wakubwa. Tukapita ku masomo ya primeri mawili, tukaomba walimu majina ya watoto watano wa kwanza wa kila kalasi, juu tulifikiri mtoto wa pointi nyingi ndiye mtoto mwenye kutaka kujua. Kisha tukaomba kila mmoja alete franka 1.000 kwa chaki na karatasi.

Siku ya kwanza walikuja watoto kumi na tisa, wenye kunawa vizuri, kaye mpya mkononi. Walikaa kimya kama mu kanisa. Tukasema, "Leteni maulizo." Kimya. Tukasema tena. Mwishowe mmoja akainua kidole: "Yaya, mutatupa pointi ngapi?" Hilo ndilo ulizo moja tulilopata siku ile.

Ku dirisha, inje, walisimama watoto wengine. Hawakuwa ku liste yetu. Miguu yao ilikuwa na vumbi, mmoja alibeba beseni ya plastiki. Siku ya tatu mmoja wetu alikuwa anafundisha juu ya jua, na alisoma mu kitabu kwamba saa sita ya muchana jua liko upande wa kusini. Mtoto wa beseni, labda wa miaka kumi, akasema toka dirishani:

"Yaya, ile ni bongo. Kivuli inaendaka huku."

Watoto wa ndani wakacheka. Sisi tukakasirika kidogo, juu kitabu kilikuwa chetu. Lakini tulikuwa tumeahidi kwamba hakuna ulizo litakalochekwa. Basi tukatoka wote inje. Tukasimamisha mti wa metre moja mu uwanja, tukaanza kuweka alama ku ncha ya kivuli kila dakika kumi. Siku ile kalasi haikuisha saa ine. Ilipita saa saba ya muchana na hakuna mtoto aliyeomba kwenda.

Mtoto alisema kweli. Mu mwezi wa saba hapa Kolwezi kivuli cha muchana kinaelekea kusini. Ni kusema jua liko kaskazini yetu. Kitabu kiliandikwa kwa watu wa Ulaya, na kwa Ulaya kinasema kweli. Sisi tuko kusini ya ekweta, karibu digri kumi na nusu, na mu miezi ile jua linapita upande wa pili wa ekweta. Kivuli chetu kifupi kabisa kilikuwa na santimetre 63. Na tena tukaona jambo ambalo hatukulingojea: hakikuwa kifupi saa sita kamili, ila karibu saa sita na dakika 25. Juu ya nini? Saa tunayovaa ni ya mstari wa digri 30 mashariki, na Kolwezi iko ku digri 25 na nusu. Kila digri ni dakika ine. Jua linachelewa kutufikia, kisha mu mwezi wa saba linaongeza tena dakika sita hivi juu ya mwendo wa dunia yenyewe. Sisi wa sekonderi tulikuwa tumejifunza mistari hiyo mu jografia, tumepata hata pointi nzuri, na hakuna aliyetoka inje hata siku moja kuangalia kivuli chake.

Mtoto alijua juu ya kazi yake. Yeye na wenzake wanaosha mawe ya madini ku maji, na kwa kivuli wanajua saa ya kuja kwa munuzi.

Mangaribi ile tulikaa, tukapasua liste. Franka 1.000 tukaondoa. Kesho yake watoto zaidi ya makumi manne walikuja, na maulizo hayakukauka tena.

MAWE TUNAYOKANYAGA

Tuwaelezee ulizo moja, mupate kuona. Msichana wa kalasi ya ine alileta jiwe la kijani, malakiti, lile ambalo mu Kolwezi kila mtoto analijua. Akauliza:

"Yaya, baba anasemaka mu hii libwe munatokaka waya ya umeme. Lakini waya iko nyekundu. Ule wekundu unajifichaka wapi?"

Sisi tulikuwa na jibu la mu kaye: ni karbonati ya shaba. Tulimwambia hivyo, akatuangalia kama mtu aliyeomba maji akapewa jina la maji. Basi tulitwanga kipande kidogo, taratibu, tumekiloanisha mbele ili vumbi lisiruke, tukakitia mu chupa pamoja na siki, ile tunaita vinegere. Tukaiacha siku mbili. Maji yakageuka bluu na kijani. Kisha tukatia msumari uliosuguliwa vizuri mpaka ukangaa. Baada ya muda msumari ukavaa nguo nyekundu. Ile ni shaba! Shaba ilitoka mu maji ikakaa ku chuma, na chuma kidogo kikaingia mu maji pahali pake. Watoto walipiga kelele mpaka mlinzi wa parokia akakuja kuangalia kama kuna nyoka.

Toka pale maulizo yakafuatana. "Na wazee wa zamani, beko hawana vinegere, walifanya namna gani?" Tukasema juu ya moto na makala: wazee walijenga tanuru za udongo, wakapuliza kwa mivuba, na makala ikanyanganya mawe hewa iliyoifunga shaba. Tukachora misalaba ya shaba, ile iliyokuwa makuta ya wababu. Wachunguzi waliofukua makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, mu 1957 walikuta misalaba ile pamoja na wafu. Basi ulizo la yule msichana, wazee wetu walilijibu miaka mingi sana mbele ya Union Minière, iliyoanza mwaka wa 1906. Hakuna aliyewaletea jibu lile toka inje.

Mwengine akauliza juu ya nini vilima vingine havina miti. Ni ulizo kubwa! Udongo wenye shaba nyingi unaua mimea mingi, na ile yenye nguvu tu inabakia. Kati yake kuna ua ambalo wataalamu wanaliita ua la shaba, na jina lake la kitaalamu ni Haumaniastrum katangense. Linapenda udongo wa shaba hivi kwamba wachunguzi walilifuata wakagundua pahali ambapo wazee walikuwa wanayeyusha mawe zamani. Mwengine akauliza maji ya Lualaba yanaishia wapi. Livingstone naye aliuliza hivyo, alipofika Nyangwe mu 1871, na alifikiri ni Nile. Stanley alifuata mto mpaka baharini, akafika mu 1877, ikajulikana kwamba ni Kongo. Basi maji yanayopita mu barraje ya Nzilo, karibu yetu hapa, yanaenda mpaka bahari ya Atlantiki. Mtoto akasema, "Nikitupa kijiti ku Nzilo, kitafika?" Tulibishana saa nzima juu ya kijiti kile, na maporomoko, na barraje, na mamba.

Munaona, wasomaji? Hatukuwa na maabara. Tulikuwa na mti, chupa, msumari, na inchi yetu. Mtoto wa Kolwezi anakanyaga kila siku mawe ambayo wataalamu wa dunia wanasafiri kuja kuyaona. Liko hata jiwe moja linaitwa kolwezite, wataalamu walilitambulisha mu 1980 kwa jina la mji wetu. Wangapi kati yetu tulijua?

ULIZO TULILOSHINDWA

Sasa tuseme na lile linalotuumiza.

Siku ya sita yule mtoto wa beseni alileta jiwe jeusi, amelifunga mu kitambaa, akataka tulitie nalo mu vinegere. Tulikataa. Mawe meusi ya kobalti si ya kuchezea: yanaweza kuwa na uraniamu ndani, na vumbi lake ni sumu. Wachunguzi wa Université de Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza mu 2018 kwamba watu wa Kasulo, na zaidi watoto, walikuwa na kobalti nyingi sana mu mkojo na mu damu. Kasulo ni kartie ya kwetu; ni kule mu 2014 watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao wenyewe. Tulimwelezea yote hayo. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza:

"Kama iko mubaya, juu ya nini banainunuaka?"

Tukasema: ni ya mabateri ya telefone na ya motokari za umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka mu inchi yetu. Akauliza: "Na mabateri banatengenezaka wapi?" Tukasema: China zaidi. Akauliza: "Juu ya nini haiko hapa?" Tuliandika ulizo lile ku tablo kwa herufi kubwa. Tukaliacha pale mpaka siku ya mwisho. Lilikuwa ulizo la mtoto wa primeri, lakini wakubwa wengi wenye diploma wanaishi nalo bila jibu.

Siku ya nane hakuja. Siku ya tisa vile vile. Wawili kati yetu walienda kwao. Tulimkuta nkambo yake anatwanga sombe. Alitupokea vizuri, akatupatia kiti. Tulipomuuliza, akasema: "Batoto bangu, masomo yenu iko muzuri. Lakini haileteke bukari."

Tulikosa neno. Tulirudi bila kuongea. Nkambo hakuwa mkatili wala mjinga. Mu nyumba ile mzee alikuwa mfanyakazi wa Gécamines. Mu 2003 alikuwa mmoja wa wale zaidi ya 10.000 walioachishwa kazi na kupewa makuta ya mara moja. Mbele ya pale, mshahara, masomo ya watoto, dawa, hata unga, vyote vilitoka ku kazi. Kisha vyote vikasimama. Vakansi kwa mtoto wa nyumba ile ni wakati wa kazi nyingi kuliko mwaka wa masomo. Shirika Amnesty International liliandika mu mwezi wa kwanza wa 2016 kwamba watoto wanaosoma wanafanya kazi ya mawe siku za mwisho wa juma na mu vakansi, masaa kumi mpaka kumi na mawili kwa siku. Na Unicef ilihesabu mu 2014 karibu watoto 40.000 mu migodi ya kusini ya inchi yetu. Sisi hatuhitaji hesabu zile ili tuamini. Tunapita pale kila siku. Lakini wasomaji wa mbali wazijue.

JUU YA NINI VAKANSI INATENGA WATOTO

Mu mji wa Baltimore, kule Marekani, wataalamu wawili, Karl Alexander na Doris Entwisle, walianza mu 1982 kufuata watoto tangu kalasi ya kwanza. Waliona hivi: mu miezi ya masomo, mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri walikuwa wanaendelea karibu sawasawa. Lakini mu vakansi, wa tajiri aliongeza, na wa maskini alisimama ao akarudi nyuma. Walifananisha masomo na robine: ikifunguliwa, wote wanachota, ikifungwa, mwenye tanki nyumbani anaendelea kunywa. Wataalamu wengine wamebisha kisha juu ya ukubwa wa tofauti ile, na Baltimore si Kolwezi. Lakini sisi tunaopanga bido ku robine ya kartie, mfano huu hatuhitaji kutafsiriwa.

Na kanisa zetu zisifikiri kwamba jambo hili ni geni kwao. Masomo ya siku ya mungu, ile tunaita ekodim, Robert Raikes aliyaanza Gloucester, Uingereza, mu 1780, kwa watoto waliokuwa wanafanya kazi siku sita mu viwanda na hawakujua kusoma. Siku ya saba ilikuwa siku yao moja tu ya uhuru, basi aliwafundisha siku ile. Na mu 1898, mu New York, mama Eliza Hawes aliona watoto wanazunguka mu barabara vakansi yote, akakosa nyumba ya kuwakusanya, akapanga sale ya kunywea pombe, akawafundisha mule asubuhi asubuhi. Hawakungoja jengo nzuri. Na sisi? Sale zetu za parokia zimefungwa kufuli siku sita kwa juma, mwezi wa saba na wa nane, na funguo ziko mu mfuko wa mtu mmoja.

WANAOTUPINGA

Wengine wanasema: "Waacheni watoto wapumzike." Tunakubali, watoto wapumzike! Masaa mawili ya asubuhi hayaui muchezo. Lakini mtoto aliye ndani ya maji na mfuko wa mawe hapumziki. Kwake yeye kalasi yetu ndiyo pumziko.

Wengine wanasema: "Kwanza wajue kusoma na kuhesabu, maulizo yatafuata." Sisi tuliona kinyume. Watoto wawili ambao hawakupenda hesabu walipima kivuli mara ishirini, wakaandika santimetre moja moja, wakatoa na kujumlisha, bila kuambiwa kwamba ile ni hesabu. Ulizo ndilo linalomtuma mtoto mu kitabu. Kuuliza si ujinga, wazee walisema.

Wengine wanasema: "Kiswahili chenu kitawaharibia Kifaransa." Hapana. Mtoto anauliza kwa lugha ya mama yake, tunajibu kwa lugha ile, kisha tunaandika ku tablo neno la Kifaransa pembeni. Neno likija baada ya kintu, linakaa. Likija mbele ya kintu, linakaririwa na kusahauliwa. Sisi wenyewe ni mashahidi.

Na wengine, hata ndani ya masomo yetu, wanasema: "Ninyi si walimu." Ni kweli. Tulikosea juu ya jua, na mtoto wa dirishani akatusahihisha. Ndiyo maana tunaomba mwalimu mmoja wa sayansi akae nasi, hata mara mbili kwa juma. Lakini mutoto haogope yaya kama anavyoogopa mwalimu. Na yaya anayesema, "Sijui, tutafute pamoja," anafundisha jambo ambalo halipo mu programu.

TUNAYOOMBA

Basi tunaomba haya, na tunayaandika kwa namba ili hakuna mtu aseme hakuelewa:

1. Kalasi ya Maulizo ifanyike tena mu vakansi hii, bure kabisa. Hata franka 100 isiombwe. Tuliona kwa macho yetu nani anabakia inje ku dirisha.

2. Watoto wasichaguliwe kwa pointi. Mwenye ulizo aingie. Mtoto wa kwanza wa kalasi akaribishwe pia, juu naye ana maulizo, ila alifundishwa kuyaficha.

3. Kuwe na uji kila asubuhi. Hili tulilisahau, na nkambo alitukumbusha. Uji si bukari ya nyumba nzima, tunajua. Lakini mtoto aliyekula hatakuwa na sababu mbili za kukosa, atabakia na moja.

4. Wakubwa wa parokia na wazazi watusaidie kuuliza mahali makuta ya mawe yanaenda. Sheria ya migodi iliyogeuzwa mu mwezi wa tatu wa 2018 inasema sehemu 15 kwa mia za ushuru wa madini ni za komine ao sekta ambamo mgodi uko, na kila kampuni itenge angalau sehemu 0,3 kwa mia za mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Sufuria ya uji, chaki na misumari kwa siku kumi ni kitu kidogo sana mbele ya hesabu zile. Hatuombi sadaka, tunaomba sehemu.

5. Kuwe na Kitabu cha Maulizo. Kila ulizo liandikwe, pamoja na umri wa mtoto, na yale yasiyo na jibu yasifutwe. Kila muhula gazeti hili lichape kumi kati yake, na wasomaji wajibu.

Mutasema siku kumi haziwezi kumtoa mtoto mu mawe. Ni kweli, hatukusema zinaweza. Kazi ile ni ya serikali, ya makampuni, ya wazazi wenye mshahara wa haki. Lakini mtoto yule wa beseni anajua sasa kwamba siku moja alisema kweli na kitabu kikakosa, na watu wakubwa wakatoka inje kupima, wakakubali. Jambo lile hakuna anayeweza kumunyanganya.

Mu mwezi wa tisa tulimuona barabarani, amevaa bluu na nyeupe kama wengine, kaye chini ya mkono. Tulifurahi sana. Hakutusalimia vizuri, aliuliza tu: "Yaya, kalasi itaanza tena lini?"

Ndilo ulizo la kwanza la Kitabu chetu, na tungali hatujalijibu. Wenye kutaka kutusaidia kulijibu waandikishe majina kwa waandishi wa gazeti hili mbele ya mwisho wa mitihani. Tunahitaji yaya kumi, wavulana na wasichana. Malakiti tuko nayo. Tunakosa chupa za wazi, vinegere litre mbili, misumari isiyo na kutu, sufuria kubwa, na funguo ya sale.

Sisi wanafunzi wa Kalasi ya Maulizo,
Kolwezi